Anayeanza Mvinyo Aanzie Hombolo

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuanza kuuelewa mvinyo hupewa njia mbili. Ya kwanza ni rafu ya dukani, ambako chupa za Afrika Kusini, Italia, Chile na Ufaransa zimepangwa kwa bei, naye huambiwa apande polepole mpaka mfuko ukatae. Ya pili ni mtaalamu wa mbali, kitabuni au kwenye video, anayenusa glasi na kutaja matunda ya misitu ya Ulaya ambayo msikilizaji hajapata kuyaona, sembuse kuyala. Njia zote mbili humzoesha kuuliza kitu kimoja: huu ni mzuri au si mzuri? Naona swali hilo ni la baadaye sana. La kwanza ni kwa nini mvinyo huu una ladha hii, na kwa msemaji wa Kiswahili mahali pepesi pa kulijibu si Bordeaux wala Stellenbosch. Ni Dodoma, katika vijiji vya Hombolo, Bihawana, Mpunguzi na Chinangali, ambako sababu za ladha zimeanikwa juani na wanaozijua huzieleza kwa lugha ambayo mgeni hahitaji kutafsiriwa.

Njia ya kwenda huko yenyewe inafundisha. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kuondoka kwenye joto la Pwani asubuhi na kula chakula cha mchana Ugogo, eneo la Dodoma. Dirishani hupita milima ya Uluguru ikiwa kijani, kisha mahandaki ya upande wa Kilosa, halafu nchi hubadilika kana kwamba mtu amefunua ukurasa: mibuyu, miiba, mito ya mchanga isiyo na tone la maji. Mji upo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100, na mvua yake ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Ramani za mvinyo zilizozoeleka huchora mikanda miwili, kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini na kusini. Dodoma iko nyuzi 6 kusini, nje kabisa ya mikanda hiyo. Kinachoiokoa ni huo ukavu na huo mwinuko. Hewa kavu huunyima ukungu nafasi, na usiku wa Juni na Julai wenyeji hujifunika mablanketi wakati Dar es Salaam feni inazunguka. Anayeshuka kituoni akiwa na mambo hayo mawili kichwani amekwisha kupata nusu ya maelezo ya kile atakachoonja.

Zabibu hazikufika hapo kwa hesabu za biashara. Kumbukumbu inayorudiwa Dodoma ni kwamba wamisionari wa Kiitaliano walizipanda Bihawana, kwenye barabara ya Iringa, mwaka 1957. Jimbo lilikuwa mikononi mwa mapadri Wapasionisti, na Kanisa Katoliki hudai divai ya misa iwe ya zabibu halisi isiyoharibika, kwa hiyo mtu anaweza kuona miche ile ilijibu haja gani. Baadaye serikali iliingia, kikaja kiwanda cha umma cha DOWICO kilichonawiri na kudhoofika, kituo cha utafiti cha Makutupora ambacho jina lake sasa limo kwenye aina ya zabibu nyekundu inayolimwa zaidi mkoani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda cha CETAWICO pale Hombolo kwa mtaji wa Kiitaliano. Historia hiyo naitaja kwa haraka kwa sababu moja: mashamba mengi ni ya wakulima wadogo, wa ekari moja au mbili, wanaofanya kila kitu kwa mikono. Hakuna ukuta wa jumba la kifahari kati ya mgeni na mzabibu.

Katika nchi za baridi mzabibu hulala. Majani hupukutika, na mmea hukaa miezi kadhaa kama kuni iliyochomekwa ardhini. Ugogo hakuna baridi ya kuulaza kiasi hicho, hivyo kazi hiyo hufanywa na mkasi. Mkulima hupogoa shamba zima, akiacha macho machache kwenye kila tawi, nao mmea huanza upya kana kwamba msimu umepita. Ukifika siku chache baada ya kupogoa, sogea karibu na ncha iliyokatwa. Tone la maji maangavu hujikusanya kwenye kidonda, hunenepa, hudondoka, na jingine huanza kujaa nyuma yake. Safu nzima ya mizabibu hudondoka hivyo kwenye udongo mkavu, na asiyejua hudhani kuna bomba linalovuja. Ni maji yanayosukumwa na mizizi, dalili kwamba macho yako karibu kufunguka. Kuanzia hapo ni kama miezi minne hadi kuvuna. Anayepogoa karibu na Novemba huvuna karibu na Machi. Akipogoa tena mvua zinapokwisha, huvuna Agosti au Septemba. Mzabibu uleule na udongo uleule, lakini matunda si yaleyale. Ya Machi huiva mvua ikinyesha. Mizizi hunywa kupita kiasi, tunda hujaa maji, sukari na rangi hupungua, na unyevu huleta ukungu unaomlazimisha mkulima ama kupulizia dawa mara kwa mara ama kuvuna kabla ya wakati. Ya Agosti huiva kwenye ukame, mchana jua na usiku ubaridi. Jua hujenga sukari. Ubaridi hulinda uchachu, maana tunda nalo hupumua, na katika kupumua huko huunguza sehemu ya asidi yake, ile ya maliki. Usiku wa joto huimaliza haraka, usiku wa baridi huibakiza. Sijui mahali pengine ambako mwanafunzi anaweza kuelezwa tofauti kubwa kama hiyo bila kusogea hata hatua moja kutoka kwenye shina aliloliegemea.

Zoezi la kwanza la kuonja halihitaji hata glasi. Chukua zabibu moja nyekundu iliyoiva, uimenye kwa kucha, uile kwa vipande. Nyama ya ndani, ambayo kwa aina nyingi haina rangi, ni tamu na chachu kwa pamoja; mate hutiririka pembeni mwa ulimi. Hiyo ni sukari na asidi, na asidi kuu ya zabibu, ya tartariki, ndiyo hiyohiyo inayoupa ukwaju ukali wake, kwa hiyo kinywa cha mtu wa huku kimekwisha kuizoea tangu utotoni. Sasa tafuna ganda peke yake. Utamu umepungua, na baada ya muda fizi na ulimi hukauka na kukunjamana: ukakasi. Mwisho pasua mbegu kwa jino, utapata ukakasi zaidi pamoja na uchungu. Mvinyo mwekundu umechachuka pamoja na maganda na mbegu zake, mweupe kwa kawaida ni maji ya tunda yaliyochujwa mapema, na tofauti iliyobaki kati yao ni mlolongo wa sababu zinazoanzia hapo. Vivyo hivyo ukali wa kilevi. Hamira hula sukari na kuacha kilevi na gesi. Gramu kama 17 za sukari katika lita moja hutoa takriban asilimia 1 ya kilevi. Juisi yenye gramu 220 za sukari kwa lita, sukari ikiliwa yote, hufika karibu asilimia 13 na kuwa mvinyo mkavu. Anayejua hesabu hiyo akisoma asilimia kwenye lebo huweza kukisia tunda lilivyokuwa shambani, isipokuwa kama kiwandani waliongeza sukari au pombe kali.

Hapo ndipo swali la utamu linapoingia, nalo ndilo linalowakera zaidi wajuaji. Watanzania wengi walianza kuujua mvinyo wa Dodoma kwa Dompo, mwekundu na mtamu, na mjuzi wa mjini hucheka akisikia jina hilo. Kicheko hicho hakielezi chochote. Mazao ya zabibu huja kwa mkupuo, jua ni kali, na kichala kilichokatwa huanza kuharibika ndani ya siku chache. Kiwanda kikijaa, mkulima hana pa kukipeleka. Ndiyo maana ikakua biashara ya mchuzi wa zabibu: tunda hukamuliwa na kuwekwa kwenye matangi, kisha mchuzi huuzwa kwa watengenezaji wakubwa wanaouendeleza kuwa mvinyo au kinywaji kikali. Popote duniani penye joto, uchachuaji bila mitambo ya kupooza ni hatari, kwa sababu hamira yenyewe hutoa joto, na likikaribia nyuzi 35 huanza kudhoofika, sukari hubaki na bakteria wa siki hupata karamu. Kupooza tangi ni umeme, na umeme ni fedha. Weka juu ya hayo mnywaji aliyelelewa na soda na chai yenye vijiko vitatu vya sukari, na utaona kwamba soko la mvinyo mtamu lilikuwa linamngoja mtengenezaji. Hata kodi imo ndani ya ladha: sheria ya ushuru wa bidhaa ya Tanzania hutoza kiasi kidogo zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Utamu ule ni matokeo ya barabara, umeme, soko na sheria. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo amejifunza zaidi ya yule aliyefundishwa kuukunjia pua.

Kuna watakaosema haya yote ni kujisumbua, kwa kuwa utaalamu wa mvinyo wenyewe ni maigizo. Ushahidi wao si mdogo. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, akiwemo Frédéric Brochet, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 Robert Hodgson alionyesha kwamba waamuzi wa mashindano ya California, walipomiminiwa mvinyo wa chupa ileile mara tatu bila kujua, ni karibu mmoja tu katika kumi aliyeupa alama zinazokaribiana. Mwaka huohuo uchambuzi wa maonjo zaidi ya 6,000 ya kufumba bei ulikuta watu wasio na mafunzo waliupenda mvinyo ghali kwa kiwango kidogo kuliko ule wa bei nafuu. Nayakubali yote. Lakini yatazame vizuri, yanabomoa nini? Yanabomoa cheo: alama, medali, bei, ule uamuzi wa mzuri na si mzuri. Hayagusi sababu. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba zabibu za mvua na za kiangazi ni sawa, au kwamba mtu hawezi kuhisi ukakasi wa maganda. Hata wale wanafunzi 54 walidanganywa kwa sababu rangi kwa kawaida ni dalili ya kweli ya maganda, na macho yao yaliwahi kufika kabla ya ulimi. Dawa yake haina gharama: chupa zifungwe kwa gazeti kabla ya kumiminwa. Ndivyo ilivyofanyika Paris tarehe 24 Mei 1976, pale Steven Spurrier alipowaficha waamuzi wa Kifaransa majina ya chupa, wakaishia kuziweka za California juu ya za kwao. Kwa anayeanza, faraja iko kwenye hayo maonjo 6,000. Hana haja ya kununua ghali.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mvinyo wa Dodoma haujafika kiwango, na anayejifunzia kwenye kitu dhaifu hujifunza udhaifu. Aende Rasi ya Afrika Kusini, wanasema, ambako mvinyo wa kwanza ulikamuliwa mwaka 1659 na wamekuwa na zaidi ya karne tatu za kurekebisha makosa. Sehemu ya hoja hii naikubali. Kuna chupa za Dodoma ambazo sitamwekea mgeni mezani, na kuna tabia ya kuusifia mvinyo wa nyumbani kwa kuwa ni wa nyumbani tu, ambayo humharibu mtengenezaji: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hoja inachanganya kuburudika na kujifunza. Chupa iliyokamilika huficha kazi yake. Katika ukumbi wa kuonjea wa Stellenbosch, uchachu umekwisha kurekebishwa, ukakasi umelainishwa kwenye mapipa ya mwaloni, na kilichobaki ni mwongozaji mwenye tabasamu na orodha ya harufu. Mgeni hutoka akiwa ameridhika bila kujua kilichomridhisha. Dodoma mishono inaonekana. Mvinyo mweupe wa zabibu za Chenin Blanc zilizochelewa kuvunwa hupwaya mdomoni, na anayeuonja huku akitazama jua la saa nane hahitaji kuambiwa asidi ilikwenda wapi. Chupa nyingine ina kijiharufu cha siki, na hapo ndipo mtu hujifunza kukitambua, ili siku akikikuta kwenye chupa ya bei kubwa hotelini asijilaumu yeye. Pia si kila kitu ni dhaifu. Hombolo zimepandwa aina za Kiitaliano kama Aglianico na Teroldego, na Aglianico, inayotoka kusini mwa Italia kwenye joto, hushikilia uchachu wake hata jua likiwa kali. Hilo nalo ni somo, kwamba kuchagua mche ni kuchagua ladha miaka mitatu kabla ya glasi.

Wapo wanaosema mvinyo si wetu. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, unataja kwamba wafanyabiashara waliofika pwani ya Azania walibeba mvinyo kidogo na ngano, si za kuuza bali za kujipatia urafiki wa wenyeji. Mahindi na muhogo vilikuja baadaye sana, na hakuna anayevikataa mezani kwa hoja ya ugeni. Pingamizi la imani na la afya ni jingine, nalo sina nia ya kulipinga. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kilevi kisicho na madhara, na msomaji ambaye dini yake imemkataza hana sababu ya kujieleza kwa mwandishi wa safari. Ninachosema ni kwamba njia ninayoipendekeza ndiyo inayowadai kidogo zaidi wote wawili, wa imani na wa afya. Waonjaji wa kazi hutema. Na ganda, nyama na mbegu ya zabibu havina kilevi. Sehemu kubwa ya somo hupatikana shambani, kati ya nguzo na waya, kabla hamira haijafanya lolote.

Linalonisumbua zaidi ya hayo yote ni lebo. Nchi za baridi huandika mwaka wa mavuno, na mwaka unatosha kwa sababu mzabibu wao huzaa mara moja. Dodoma mwaka mmoja una mavuno mawili yasiyofanana, kwa hiyo mwaka peke yake haumwambii mnywaji lile analohitaji zaidi kujua. Chupa zingeandikwa Machi au Agosti. Watengenezaji wana jibu: huchanganya mavuno yote mawili ili ladha isibadilike, na wateja hawaulizi. Kuchanganya si kosa, kunaweza kuandikwa nako. Na mteja haulizi kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba kuna la kuuliza. Mtengenezaji mdogo wa Hombolo angeweza kuuza chupa mbili za shamba moja, za Machi na Agosti, zikiwa zimefungwa pamoja, na kwa neno moja la wino angekuwa na bidhaa ambayo Bordeaux haiwezi kuitengeneza hata ikitaka. Mpaka hapo, mwanafunzi hana budi kuuliza kwa mdomo. Mwenye nafasi ya safari moja tu aende mwishoni mwa Agosti, barabara za vijijini zikiwa kavu na kreti za zabibu zikipakiwa. Akitaka kujua kwa nini alichoonja kilikuwa na ladha ile, arudi Machi, na avae viatu vya matope.